Mgeni Asiyejua Chumvi Ilipo

Ilikuwa siku ya tatu mzee hajatia kitu kinywani. Mama Dobi akapiga magoti mbele ya kiti chake, bakuli la supu mkononi, akamwambia kwa mara nyingine, "Baba watoto, ni mimi. Ni mkeo."

Mzee akamtazama kuanzia kilemba mpaka vidole vya miguu, taratibu, kama mtu anayekagua kitambaa dukani kabla hakijakatwa.

"Umefanana naye," akasema. "Hilo sikatai. Aliyekuleta hapa kachagua vizuri. Lakini supu hiyo kunywa wewe."

Mama Dobi akainywa mbele yake, kijiko cha kwanza, cha pili. Mzee akatikisa kichwa. "Sumu nyingine huchelewa. Mimi nimesoma, mama. Usinione hivi."

Na kweli alikuwa amesoma. Huyu mzee alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na watu walimwita Fundi Gundi, maana hata siku ya harusi yake alikwenda na gundi kwenye kucha. Mkewe alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali miaka thelathini, ndipo akaitwa Mama Dobi. Vitabu vilivyochanika vililetwa kwa mumewe kwa magunia, vya shule, vya dini, vya sheria. Lakini wao wawili walipenda aina moja tu, vile vya mtu kumbe siye. Mpangaji mpole anayetumia jina la marehemu. Mke aliyepotea miaka kumi akarudi, anacheka vilevile, anapika vilevile, kumbe ni mwanamke mwingine kabisa. Daktari anayemtibu mtu aliyemwua kaka yake, na hakuna ajuaye.

Mtu anaweza kuuliza, watu wazima wenye wajukuu wanatafuta nini humo? Mama Dobi aliwahi kuulizwa na wenzake wa kufulia, akajibu kwamba hofu ya kitabu ni hofu yenye mlango. Unaingia, moyo unakudunda, unamwangalia aliyekaa kando yako na kujiuliza, je, huyu ninamjua? Kisha unafunga kitabu, unatoka, naye yuko palepale anakuna mguu. Unampenda zaidi siku hiyo kwa kuwa ni yeye.

Na walikuwa na desturi yao. Fundi Gundi alipoleta kitabu cha namna hiyo nyumbani, kurasa za mwisho hakuwa amezishona. Alizibakiza kwenye droo ya karakana. Jumapili baada ya chakula walisoma kwa zamu, huyu ukurasa, huyu ukurasa, mpaka wafike pale palipokatika. Hapo kila mmoja aseme mgeni ni nani. Ndipo siku ya pili kurasa ziletwe. Mama Dobi alipatia mara nyingi mno, na mumewe alipiga makofi, "Mpelelezi wangu! Wewe ungeajiriwa serikalini!"

Kwa miaka hiyo yote walijitungia kanuni yao. Ukitaka kumjua mwongo, usimtafute anayekosea. Mtafute asiyekosea. Mwongo amejifunza. Anakumbuka tarehe, anakumbuka rangi ya pazia, na ana picha mfukoni. Mtu wa kweli husahau, maana hakujua kama ataulizwa.

Basi ugonjwa wa kusahau ulipomwingia mzee, ulimchukulia majina ya watoto, njia ya msikitini na ya sokoni, hata jina la gundi aliyoishi nayo. Kanuni ile ukamwachia.

Siku hiyo ya tatu Mama Dobi hakuliona hilo. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushika alichonacho. Akaleta picha ya harusi.

"Wote huwa na picha," mzee akasema.

Akamwonyesha kovu la pasi kwenye kiganja. "Hili si ulinipaka asali mwenyewe? Siku ya mvua, umeme umekatika, mtoto wa pili ana surua?"

"Ehe. Na umeme unaujua. Na surua unaijua." Mzee akageuzia uso ukutani. "Unajua mno, mama. Mke wangu asingekumbuka hata nusu ya hayo. Mmemfanya nini mke wangu?"

Hapo ndipo mzee alipolia. Alilia kama mtoto, akimlilia mkewe, naye mkewe amepiga magoti pale pale mbele yake.

Daktari alipita mchana ule, akamvuta Mama Dobi ukumbini. "Nawapa mpaka Ijumaa," akasema. "Asipokula tutamlaza tumtundikie dripu. Sikufichi, mama. Wa umri huu tukiwalaza hivyo, wengi hawarudi nyumbani."

Mama Dobi hakuhitaji kuambiwa. Mashuka ya wodi wanakolazwa aliyafua yeye.

Binti yao wa mwisho, muuzaji wa duka la vipodozi, akaja jioni na kucha nyekundu na hasira ya mtu anayeogopa. "Mimi nimejaribu kumlisha, Mama. Ananiita msaidizi wako! Ananiambia, mwambie bosi wako nimewagundua. Tafuta mtu baki. Mtu asiyemjua kabisa, labda atakula."

"Mtu baki," Mama Dobi akarudia.

"Ndiyo. Asiyejua lolote."

Mama Dobi akalitazama gauni la maua alilovaa binti. Kisha akasema, "Hebu vua hilo gauni lako."

"Mama!"

"Vua, nakwambia. Chukua kanga yangu pale. Na hivyo viatu."

Kesho yake saa sita mlango wa mbele ukabishwa hodi. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyepita mlango wa mbele mchana, wote hupitia jikoni. Binti akafungua. Aliyesimama nje alikuwa mwanamke mzee aliyebanwa na gauni la maua, kichwa wazi, nywele zake nyeupe kazisuka mafungu mawili kama msichana wa shule, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mzee," akasema toka mlangoni, kwa sauti ya chini asiyoizoea mwenyewe. "Nimeletwa kusaidia kazi. Sijui hata naanzia wapi."

Mzee akageuka. "Wewe nani?"

"Mtu wa kazi."

"Unanijua?"

"Nikujulie wapi?"

Mzee akamtazama sana. "Jikoni ni wapi?"

Mama Dobi alikuwa ameishi na jiko lile tangu lina paa la makuti. Akageuka kulia, akafungua kabati la nguo. "Hapa?"

Mzee akacheka. Ilikuwa miezi hajacheka. "Hapa! Utapika nguo? Kushoto, mama, kushoto!"

Akaenda kushoto. Akauliza chumvi iko wapi, akaelekezwa kwenye mkebe alioununua yeye. Akauliza sukari anatumia vijiko vingapi, akaambiwa hatumii. Kila aliposema sijui, mzee alilegea kidogo, kama mkanda unaofunguliwa tundu moja moja. Supu ilipofika akainusa, akamwuliza, "Humu umeweka nini?"

"Mimi ni mgeni, mzee. Nimeweka nilivyovikuta. Kama vibaya niambie."

Akaonja. "Chumvi imezidi."

"Nisamehe."

"Utajifunza," akasema mzee, akamaliza bakuli.

Binti alikuwa amejibanza nyuma ya pazia, mkono mdomoni. Mama Dobi akatoka na bakuli tupu, akalikumbatia kifuani na mafuta yake, akaliharibu gauni la mwanawe.

Ijumaa daktari alimpima, akasema basi, abaki nyumbani. Na siku zikaenda hivyo. Mama Dobi akitoka kwa mlango wa jikoni mwanamke wa nyumba hiyo, akizunguka ukuta wa jirani, akiingia kwa mlango wa mbele mtu baki. Majirani wakauliza kama naye ameanza kusahau. "Nimepata kazi," akawajibu. "Mshahara hakuna, lakini bosi mzuri."

Tena mzee akawa mzungumzaji. Kwa mgeni mtu husema asiyomwambia wa ndani. Akamsimulia juu ya mkewe, anavyokoroma na kukataa, anavyosoma kwa sauti na kumwigiza kila mtu, mpaka mwizi anampa sauti ya mwalimu mkuu. Siku moja, akila mkate, akasema, "Yule hajui kitu kimoja. Mie miisho yote nilikuwa naijua."

"Miisho gani, mzee?"

"Ya vitabu. Mtu anakifungua kitabu chote, anakishona upya, atakosaje kuona mwisho? Nilikuwa najua mgeni ni nani kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Nikitaja mwingine makusudi."

Mama Dobi akashika ukingo wa meza. "Kwa nini?"

"Hujamwona akipatia." Mzee akatabasamu na makombo mdomoni. "Uso wake hung'aa kama shuka lililopigwa pasi. Usije ukamwambia."

"Sitamwambia," akasema Mama Dobi. Akaenda jikoni, akakosea njia kwa kweli.

Ndiyo hayo ya kumpenda mtu. Lakini aliyemzoesha mzee kumtaja mkewe ndiye akamzoesha kumngoja. Wiki ya tatu alipolishwa, akasogeza bakuli. "Nitamsubiri mwenyewe arudi. Hatujawahi kula mbalimbali siku zote hizi. Tabia gani hii nimeanza?"

"Kula, mzee. Yeye atakula akija."

"Namsubiri."

Akasubiri siku hiyo. Akasubiri na ya pili. Binti akasema, "Si bora hivyo? Sasa anamtaka! Ingia wewe mwenyewe." Mama Dobi akavaa kilemba chake na kanga yake, moyo ukimdunda kama mwari, akaingia kwa mlango wa jikoni na sahani mbili. "Nimerudi, baba watoto."

Mzee akapiga ukelele. "Huyu tena! Huyu tena!" Sahani zikaenda ukutani.

Siku ya tatu alikuwa hawezi kuinua shingo vizuri. Midomo imekauka na kupasuka. Mama Dobi akavaa lile gauni la maua, akazunguka ukuta, akabisha hodi. Akavuta kigoda, akaketi na uji.

"Mke wangu bado?" mzee akauliza.

Angesema yuko njiani, angengojwa. Angesema ni mgonjwa, angengojwa. Aligeuza kila jibu kichwani kama anavyogeuzwa mtuhumiwa, na yote yalikuwa na mlango mmoja ambao mzee angekaa akiutazama mpaka afe. Likabaki moja lisilo na mlango.

"Mzee," akasema, "mkeo hayupo tena. Amefariki."

Mzee hakupiga kelele. Uso wake ulikunjamana tu, pole pole, kutoka pembeni kwenda katikati, kama karatasi iliyotiwa maji. "Lini?"

"Siku nyingi. Walikuficha usiumie."

"Aliumwa?"

"Hapana. Alilala tu."

"Nilikuwepo?"

Mama Dobi akakoroga uji. "Ulikuwepo. Ulimshika mkono."

Mzee akalia, naye akalia pamoja naye, mtu wa kazi anayemwonea huruma bosi wake. Akajisikia akililiwa kwa kinywa cha mumewe, akitajwa kwa majina ya ujana aliyodhani yamekwisha kusahauliwa na wote wawili. Hakuna mke apataye kuyasikia hayo, huwa amekwisha kulazwa kaburini. Alipotulia akamfuta kwa upindo wa gauni, akamwambia, "Aliagiza ule."

"Alisema hivyo?"

"Hilo ndilo la mwisho alilosema."

Mzee akafungua kinywa.

Jikoni binti alikuwa amesikia yote. Alimdaka mama yake mabegani. "Mama, umefanya nini? Umejiua mwenyewe!"

"Nimemlisha baba yako," akasema Mama Dobi, akaanza kuosha bakuli.

Alidhani imekwisha. Kesho yake saa sita akabisha hodi, akaingia, akaketi. Mzee alikuwa amechangamka, ameomba achanwe nywele. Akauchungulia mlango nyuma ya mgeni wake.

"Mke wangu bado?" akauliza.

Mama Dobi akaliweka bakuli mapajani, akalifunika kwa mikono yote miwili lisipoe, akaanza kumweleza upya.