Chanya ya Maruja

Wifi yangu Nélida alijua tangu akiwa mjamzito kwamba ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Huku kwetu Huanta, milimani Peru, ugonjwa huo si mgeni. Ulimchukua baba yake, tumbo limejaa maji, macho ya njano kama maua ya retama.

Kwa hiyo uchungu ulipomshika, alikataa katakata kuzalia kijijini.

"Sisi sote tulizaliwa hapa jikoni," mama yangu alifoka. "Wewe una nini cha ajabu?"

"Mama, mtoto huyu lazima achomwe sindano siku hiyohiyo, nisimwambukize. Nashuka mjini, hata kwa miguu."

Na kwa miguu akashuka, kaka yangu Edilberto akimshika kiuno. Maruja alizaliwa salama. Kabla hajamaliza kulia akachomwa sindano mbili: chanjo paja hili, kinga ya haraka paja lile. Chanjo zilizofuata Nélida hakukosa hata moja, hata mvua ilipoharibu barabara.

Mtoto alipotimiza mwaka akatolewa damu. Majibu alikwenda kuyachukua Edilberto. Tulimkuta kajiinamia kwenye ukuta wa kituo cha afya, analia.

"Chanya, Nélida. Wameandika chanya."

Nélida aliisoma karatasi taratibu, kisha akacheka.

"Mume wangu, umesoma mstari wa chini tu! Huu wa juu ndio unaotafuta virusi vyenyewe, na ni hasi. Wa chini ni kingamwili, askari wa mwili. Hao tunawataka!"

"Una hakika?"

"Usiniamini mimi. Twende kwa nesi."

Nesi Gaudencia alitazama mara moja tu. "Hana virusi, na chanjo imeshika barabara. Mama, kazi hii umeifanya wewe."

Nélida alinyoosha mgongo. Yeye bado anavyo virusi vyake, na ini lake hupimwa mara kwa mara. Lakini siku ile alitembea sokoni kama bibi harusi.

Mama yangu ndiye aliyetuchosha. Jumapili nzima, akiuza maparachichi, kila mteja aliambiwa: "Mjukuu wangu ana chanya! Ile nzuri, usitoe macho. Mkwe wangu huyu hapa atakueleza."

Akapita jirani yetu Hermelinda, siku zake za kujifungua zimekaribia.

"Umeshapimwa damu, binti?" mama akamuuliza. "Bado? Haya, kesho tunashuka wote. Ukichoka, nitakushika kiuno."