Dereva Hakuulizwa

Tumukunde hakupenda kubishana mbele ya watu. Kwa hiyo Habineza, kaka yake, alipomaliza kuifunga bwate otomatike, yaani giaboksi, ya jipu yao, dada huyo alimvuta pembeni ya gereji kwanza.

"Kaka, uliweka konvertisere gani?"

"Ya elfu tatu na mia tano. Ya mashindano ya kweli."

Konvertisere ni kile chuma cha duara kinachokaa kati ya moteri, yaani injini, na bwate ya gari otomatike, na mafuta yaliyomo ndani ndiyo yanayosukuma. Ukishikilia freni huku unakanyaga gesi, moteri hupanda hadi mizunguko fulani kwa dakika na kukwama hapo, gari likiwa bado limesimama. Mbio huanzia hapo. Konvertisere inayokwama chini mno huikaba moteri. Inayokwama juu mno huiacha ipige kelele bure huku magurudumu yakisubiri. Ndiyo maana huchaguliwa kwa kuangalia uzito wa gari na mahali moteri yenyewe inapokuwa na nguvu.

Mahali hapo Tumukunde alipajua kwa mguu wake. Miaka yote aliyoteremsha maziwa na jibini kutoka milima ya Masisi, jipu ile ilivuta vizuri ikiwa chini, na ikipita elfu tatu ilibaki kulia tu. Alikuwa amemwambia Habineza, tena si mara moja, atafute ya elfu mbili na mia nne.

"Barthélemy iko na hii hii," Habineza alisema, "na anashinda kila siku mu Goma."

"Gari ya Barthélemy iko nyepesi, na moteri yake inapenda kupanda. Yetu iko nzito. Uliniuliza?"

"Nikuulize juu ya mekanike? Kazi yako njo kukanyaga."

Mashindano ya Pentekoste yalikuwa yamekaribia na hapakuwa na nafasi ya kuifungua bwate tena.

Mashindano yalifanyika kwenye kipande cha barabara kilichonyooka karibu na Buleusa, upande wa Walikale, ambacho tingatinga lilikuwa limekisawazisha. Mpinzani wa Tumukunde alikuwa Esdras wa Itebero, mbeba mawese, mwenye jipu otomatike kuukuu kama yao. Tumukunde alishikilia freni, akakanyaga gesi hadi chini, sindano ikapanda na kukwama. Shati jeupe la ishara ya kuanza lilipoteremshwa, akaachia freni. Moteri ilinguruma kama inataka kupasuka, lakini jipu ikajivuta kama inapanda kutoka kwenye tope. Alipoinua macho, Esdras alikuwa mbali mbele. Harufu ya mafuta yaliyoungua ilijaa ndani hadi macho yakamwasha.

Siku iliyofuata ni Habineza mwenyewe aliyeyamwaga mafuta yale. Yalitoka meusi, dalili kwamba konvertisere ndiyo iliyoyaunguza. Aliyaangalia, akayafunika kwa majani, Tumukunde akimwona.

Jumapili, baada ya ibada, Tumukunde alimkuta kaka yake mbele ya kanisa amezungukwa na wanaume.

"Gari haikukosa kitu," Habineza alikuwa akiwaambia. "Muntu wa kuendesha njo alikosa roho. Munajua wanamuke, wanaogopa kukanyaga."

Walicheka. Walicheka hata wanawake aliowabebea jibini zao sokoni. Habineza alimwona, lakini hakushusha sauti. Alimpiga bega kidogo, kana kwamba ni utani wa ndugu.

Tumukunde alihisi uso wake ukiwaka. Kushindwa angekuvumilia. Kilichomchoma ni kwamba mtu huyu aliyaona yale mafuta, aliyafunika kwa mikono yake, kisha akaja kumvika dada yake aibu iliyokuwa yake. Alitoa ufunguo wa jipu akauweka mkononi mwa Habineza.

"Endesha wewe. Hapa, mbele yao. Miye mwoga nitaangalia."

Wanaume wakasogea kuona, na Habineza hakuwa na pa kupitia. Aliingia, akashikilia freni, akakanyaga gesi, akaachia. Kelele ilisikika hadi mlima wa pili. Jipu iliondoka polepole, na harufu ile ile ikawafikia watu wote. Aliposhuka, alisema barabara iko na majimaji. Wanaume wakatazama vumbi chini ya magurudumu.

Kesho yake alikuja jikoni, ambako Tumukunde alikuwa akimenya maharagwe na mama yao, Athanasie.

"Dada, unisamehe. Nilichagua vibaya."

"Konvertisere iko chuma, chuma inabadilishwa. Na lile neno ulisema mbele ya kanisa?"

Mama Athanasie akaingilia kati. "Mwanangu, amekuja mwenyewe. Hii iko mambo ya nyumba."

"Mama, hakunitukania mu nyumba."

Tangu siku hiyo Tumukunde hakuigusa jipu. Maziwa yalibebwa kwa pikipiki, mengine yakaganda njiani, na wafugaji wakamwendea Habineza kumuuliza kwa nini dereva wao amekaa. Mama alimwita Tumukunde mwenye kichwa kigumu. Alikubali kuitwa hivyo.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, Habineza aliwasimamisha.

"Ile siku dada yangu hakuogopa. Nilichagua vibaya," alisema. "Na nilijua, wakati ule namusema."

Hayo ya mwisho Tumukunde hakuyategemea. Hasira haikumtoka, ilishuka tu kiasi cha kumwezesha kupumua. Aliitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani.

Jumatatu waliifungua bwate pamoja na kurudisha konvertisere ya zamani, hadi watakapopata inayofaa. Habineza alijifuta mikono.

"Sasa tunachagua namna gani?"

"Tunaanza na uzito wa gari," Tumukunde alisema. "Halafu unakaa pembeni yangu, unasikiliza fasi moteri inaanza kuvuta. Na hausemi kitu mbaka nikuulize."

Habineza akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akaingia.