Mjomba na Supamaketi

Kwa miaka minne yule dada afisa uwekezaji alibembeleza makampuni yaje kufungua maduka katika mji wao, na kwa miaka minne aliambulia barua za shukrani tu. Kisha kampuni moja ya supamaketi ikajibu kwamba iko tayari kuja, ila kwanza ijue watu wa pale wananunua nini, lini na kwa wingi gani.

Ofisi haikuwa na habari hizo. Aliyekuwa nazo ni mjomba wake, mwenye duka la jumla jirani na soko, aliyemlea na kumsomesha tangu mama yake alipofariki. Afisa akamwendea na daftari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Leo umekuja kikazi, hata soda huitaki!"

Mjomba akarudishia mlango nusu, akamfungulia moyo. Sabuni ya mche hutoka mwanzo wa mwezi. Magodoro husubiri mavuno. Walimu huulizia kwanza mchele, na ukiwazidishia bei kidogo tu huwaoni tena. Alieleza asubuhi nzima, na wateja wakangoja nje.

Roho ikamsuta afisa. "Na hawa wageni wakija, wewe itakuwaje?"

"Si umesema watachukua bidhaa kwetu sisi wa hapa?"

"Ndivyo walivyoniahidi."

"Basi, mama. Andika."

Supamaketi ikafunguliwa kwa hotuba na utepe mwekundu. Ilipewa kiwanja bure na msamaha wa kodi wa miaka mitano. Mwanzo wa mwezi, sabuni ya mche ikashushwa bei hadi chini ya ile ambayo mjomba alinunulia kiwandani. Mavuno yalipofika, magodoro nayo vilevile. Bidhaa zote zilishuka kwenye malori kutoka mbali. Kwa wenyeji halikununuliwa hata yai.

Afisa aliandika barua tatu za kulalamika. Bosi wake akamwita.

"Cheo chenyewe umepanda juzi. Unatafuta nini?"

Akanywea.

Maduka ya sokoni yakafungwa moja baada ya jingine. La mjomba lilijikongoja mwaka mmoja na nusu. Siku alipong'oa rafu, afisa alikwenda kumsaidia. Mjomba hakumfokea. Alimwonyesha upande wa kabati wa kushika, wakalinyanyua pamoja.

"Siku ile nilidhani unaniuliza kwa sababu unanijali," alisema.

"Nilikuwa nakujali, mjomba. Haki ya Mungu."

"Najua. Lakini bado uliandika."

Msamaha wa kodi ulipokwisha, kampuni ilihama ndani ya wiki mbili, na friji zake, na hata milango ya vioo. Watu wakawa wanafunga safari hadi mji wa pili kufuata chumvi. Ofisi ikamwagiza afisa atafute mwekezaji mwingine, naye akaketi, akaanza upya kuandika barua.

Jengo tupu lilihitaji mlinzi wa mchana. Kazi akaipata mjomba, na sare iliyompwaya mabegani. Kila asubuhi afisa hupita pale akienda kazini, humwamkia, na mjomba huitikia vizuri tu. Kisha husimama wima, hupeleka kiganja kwenye kofia, na kumpigia saluti kama anavyowapigia maofisa wengine wote.