Simu ya Jelagat Ilikuwa Ikijibu

Wiki tatu nilimwandikia binti yangu Jelagat, aliye chuoni, meseji kila jioni, na kila jioni simu yake ilijibu, "Niko sawa, mum." Basi nikatulia.

Halafu Njoki, mwandishi wa gazeti, akatoka Nakuru akaja kwangu Kuresoi. Akaniuliza, "Mama Jelagat, sauti yake ulisikia lini mara ya mwisho?"

Wanafunzi walikuwa wamemwambia Njoki kwamba Jelagat hajaonekana chuoni tangu Pasaka.

Nikapiga simu hapo hapo. Akashika mwanaume.

"Mathe, si nimekuambia niko sawa?" Akacheka, akakata.

Simu hiyo haijawaka tena, na Jelagat hatujampata. Mzazi mwenzangu, meseji inaandikwa na mtu yeyote. Piga leo, usikie mtoto wako akiongea.