Majani Yaliyoondolewa Barabarani

…na kamba iko mkononi, angeilegeza kidogo tu gogo la geti lingepanda lenyewe, siku zote hupanda lenyewe kwa uzito wa lile jiwe lililofungwa nyuma, lakini Asukile hailegezi, ameizungusha mara mbili kwenye kiganja mpaka vidole vimeingia ganzi, manyunyu yanamwingia shingoni wala hajipangusi, na mbele yake, ng'ambo ya gogo, amesimama mdogo wake Isakwisa, tumbo moja, ziwa moja, karatasi ya saa za mashindano imemlowea mkononi, anasema jambo lile lile kwa mara ya nne, kaka, fungua, wale wamepita hata breki hawakugusa, tumewaona kwa macho yetu kutoka kule kilimani, fungua basi, kaka… na nyuma yake gari la kijivu la Bushiri linanguruma, limesimama linatetemeka, Bushiri hataki kulizima, ameweka mguu kwenye mafuta na uso wake nyuma ya kioo ni uso wa mtu anayengoja hukumu ya kesi aliyokwisha kushindwa mwaka jana.

Maana mvua ni mvua, Asukile anawaza, na geti la mvua lina sheria moja tu, ikinyesha wote wanasimama, lori la mpunga la Ubaruku linasimama, padri anasimama na pikipiki yake, hata Bwana Shauri mwenyewe amewahi kungoja hapa nusu siku nzima akisoma gazeti, na Asukile, kibarua wa barabara, mtu wa ngazi ya chini kabisa, alimwambia bado, Bwana, na Bwana Shauri akasema haya, na siku ile Esta mkewe alipika ugali huku akicheka peke yake, mume wangu ameisimamisha serikali… lakini leo kaja huyu, Bwana Kobeti wa klabu ya magari, kitambaa chekundu mkononi, saa mbili shingoni kama hirizi, ameketi pale chini ya turubai anakunywa chai, na neno alilolileta asubuhi ni hili, namba moja na namba mbili hapana simama, hii gari ya klabu, ingine yote ngoja dakika ishirini, matope mingi. Matope mengi! Asukile nusura acheke, matope gani haya yanayojua kusoma namba, yanayomtambua mwenye klabu na kumpisha, kisha yanamkamata mguu Bushiri, mwenye duka wa Mlandege?

"Bado!" Bwana Kobeti anapaza sauti bila kuinua kichwa. "Dakika kumi na moja!"

Kumi na moja, na kila dakika ni maili moja Bushiri haipati tena, Asukile anajua hesabu hiyo, nani asiyeijua, kuanzia Mbeya mpaka Iringa watoto wanaimba namba za magari haya ya Pasaka, na Isakwisa ndiye aliyemfundisha, alikaa pale kibandani jioni akimchorea kona zote kwa kijiti mavumbini, hapa tunapunguza, hapa tunaachia, hapa Bushiri anafumba macho, hahaha, alikuwa na furaha kijana huyu… na mwaka jana walifika Iringa wa kwanza, wa kwanza kabisa, Asukile alikuwapo, aliomba ruhusa na kupanda lori, aliwaona wakiingia na matope mpaka juu ya paa, Mlandege nzima ilitoka, wanawake wanapiga vigelegele, Rukia mke wa Bushiri katupa kanga yake juu ya boneti, kisha wakakaa wakangoja jina lisomwe na jina halikusomwa, kumbe gari lao limeondolewa kwa kuwa namba yake ilikuwa haionekani kwa matope, matope tena, na lile la klabu lililofika nyuma yao, lenyewe likipanguswa na watu wanne kila kituo ilhali sheria inasema asiliguse mtu ila waliomo, ndilo lililopewa kikombe. Isakwisa hakulia pale. Alilia nyumbani, siku ya tatu, akichota maji, na Asukile akamwambia pole, akajiona mjinga kwa lile neno pole.

"Asukile, ndugu yangu," Bushiri ametoa kichwa dirishani, anashindana na kelele za injini yake mwenyewe, "sisi hatukuombi hisani, wallahi, tunaomba kile walichopewa wenzetu, basi!"

Kile walichopewa wenzetu. Loo, Bushiri, laiti ungejua unaomba nini, Asukile anafikiri, na fikira hiyo anaifukuza upesi, anatazama chini asimwone mtu, na chini ndipo yalipo majani, ule mzigo wa matawi ya mlingoti, mkaratusi ule, miguuni pake, yamelowa, yananuka dawa ya kifua, na sasa hana pa kutazama tena, afadhali amtazame Isakwisa, lakini Isakwisa anasema, "Kaka, unamwogopa yule? Niambie tu. Niambie unamwogopa, nitarudi garini nikae."

Namwogopa, ndiyo, sema ndiyo Asukile, ni jibu jepesi, kila mtu atalielewa, hata mama atalielewa… lakini si yeye ninayemwogopa mimi, mwanetu, ni daraja. Ni lile gogo la tatu la daraja lililoko chini pale, nyuma ya kona, ambalo hulioni kutoka hapa na hutaliona ukiwa kwenye mwendo wenu ule wa wazimu, gogo limeliwa na maji upande wa chini, ukilikanyaga linazunguka kama mtu anayejigeuza kitandani, Asukile amelijua tangu wiki tatu zilizopita, alikwenda kwa nyapara Didas akasema, gogo limekufa, nipe watu sita, na Didas akasema watu sita wako Mbeya, wamechukuliwa wote, wanasawazisha barabara pale magari yatakapoanzia ili gari za klabu zifanye mazoezi, ngoja baada ya Pasaka, wewe weka majani. Basi akaweka majani. Kila mwenye kushika usukani nchi hii anajua majani barabarani maana yake nini, hatua hamsini kabla ya ubaya unatandika matawi, dereva anayaona, anapunguza, anashuka, anachungulia, anavuka pole pole upande ulio mzima, malori ya Ubaruku yamevuka hivyo siku zote ishirini na moja na hakuna hata gunia lililolowa… na leo asubuhi Bwana Kobeti alivuka yeye mwenyewe na Landrova yake, pole pole kwa ajili ya majani hayo hayo, kisha akarudi, akashuka, akayapiga teke kwa buti. Hii majani ya nini?

Hii majani ya nini, aliuliza, aliuliza kabisa kwa mdomo wake, hakuna atakayesema hakuuliza, na Asukile alikuwa na jibu mdomoni, jibu la maneno matatu, gogo limekufa, Bwana, maneno hayo yalikwisha kufika kwenye meno… akaona akilini yale madebe manne ya petroli yaliyofichwa kibandani kwake tangu jana kwa ajili ya gari za klabu, Esta akilalamika kwa harufu, akamwona Isakwisa wa mwaka jana, analia akichota maji, akasema, "Utelezi, Bwana. Utelezi tu."

"Toa. Mimi nataka namba moja na namba mbili ona barabara safi. Wakisha pita, rudisha kwa hawa ingine."

Na hapo ndipo pa kucheka au pa kupiga ukunga, Asukile hajui ni lipi, kwamba mtu huyu katika kuwapendelea wake amewaondolea onyo, na waliobaki, wale wasiotakiwa, kawaachia, kawapa na dakika ishirini za kupumua juu yake. Alitoa majani. Tawi moja moja, akayabeba begani mpaka hapa. Ametumwa na mkubwa, sivyo? Kibarua kazi yake kutumwa, mkubwa amesema toa, ametoa, akiulizwa mahali popote, hata mbele ya jaji mwenye nywele za bandia, atasema nilitumwa.

Namba moja ilipita, nyekundu, ilipita gogo la geti likiwa juu tayari, matope yakamrukia mpaka kifuani, akageuka akasikiliza, maana miaka sita kwenye geti hili imemfundisha kusikiliza, gari linashuka kona, linakwenda kimya kidogo, ubao unagonga mara mbili, du-du, kisha unasikia linapandisha mlima wa ng'ambo likilia, kila gari linalovuka huulilia mlima ule, hakuna linalopanda kimya. Du-du, ikasikika, na jambo jingine ndani yake, mkwaruzo, mti juu ya jiwe. Kisha mlima ukalia. Ikapita namba moja, alhamdulillahi, angesema Bushiri. Na Asukile alikuwa na muda bado, alikuwa na muda wa kukimbia katikati ya barabara na kupunga mikono miwili, dakika tatu nzima, mtu anapika chai kwa muda huo, na alisimama tu, gogo la geti juu, kamba imelegea, akajiambia, unaona, la darajani limevumilia.

Kisha namba mbili, na ndani ya namba mbili si dereva Mzungu peke yake, kuna Jailos, fundi Jailos wa Iringa anayechukuliwa ili ashuke asukume wakinasa, Jailos mwenye watoto watano, mcheshi yule, kila akipita hutoa mkono dirishani, "Kamwene, mzee wa geti!", na leo pia aliutoa, Asukile aliuona mkono wenyewe, kiganja wazi, kinaning'inia nje ya dirisha, wakashuka konani, na palepale, kabla hajasikia chochote, gari la Bushiri likatokea nyuma kwa ngurumo yake, akavuta kamba, gogo likashuka, na tangu hapo masikio yake hayana kazi, injini hii imeyajaza, mlima umelia au haukulia, labda ulilia, kelele hii ingemficha mtu hata radi, labda Jailos sasa hivi yuko Igawa anakula karanga…

"Mama akiuliza nitamwambia nini?" Isakwisa anasema, na sauti imeanza kukatika, "kwamba klabu walitufungia njia, hilo amezoea, au kwamba aliyeshika kamba ni wewe?"

Mwambie, Asukile, mwambie mtoto wa mama yako, gogo limekufa, ndiyo sababu nimekushika, nakupenda, pumbavu wee, tulia hapo… na Isakwisa atasema, limekufa? Tangu lini? Na wale waliopita uliwaambia? Hapo ndipo neno linapogeuka na kumkaba mwenyewe kooni, maana hawezi kumwokoa huyu kwa maneno bila kujishtaki kwa wale, basi kilichobaki ni kamba, ashike kamba na anyamaze, aonekane mwoga, mtumwa wa Kobeti, kibaraka, afadhali, afadhali mara mia mdogo wake amchukie akiwa hai hapa kwenye tope.

"Dakika sita!"

Bushiri amesema kitu, hakisikiki, ameinua mikono miwili juu ya usukani kama mtu aliyechoshwa na dunia, kana kwamba anasema, basi na iwe, Isakwisa, achana naye, kwaheri mashindano, akanyoosha mkono, akazima gari.

Kimya kikaingia chote kwa mara moja. Manyunyu juu ya turubai, kijiko cha Bwana Kobeti ndani ya kikombe, ndege mmoja mahali fulani, mto chini kule, mto unasikika zaidi kuliko asubuhi, na zaidi ya mto hakuna kitu, mlima wa ng'ambo umekaa kimya kama hakuna barabara juu yake, labda wamekwisha kupanda, wamekwenda mbali, Asukile anajiambia, ni dakika kumi na nne sasa… lakini mlima ule una kona saba, gari huonekana kwenye kona ya nne, pale penye udongo mwekundu, kila gari huacha alama mbili mpya za magurudumu, na manyunyu haya hayana nguvu ya kufuta kitu, naye anainua macho, anaitafuta kona ya nne, anaipata, anahesabu alama za matairi juu ya udongo mwekundu, mbili, ni mbili tu, za gari moja, anahesabu tena.

"Kaka," Isakwisa anasema, kwa upole sasa, ameona kitu usoni mwake, "kaka, nini? Nijibu."

Na Asukile, kamba imemkata kiganja, nilitumwa, nilitumwa, analitafuta neno hilo lilipo na halipo, limemtoroka, maana aliyetumwa huambiwa na kutenda, naye aliulizwa, aliulizwa majani haya ya nini, mtu mzima kaulizwa na mtu mzima, akatazama lile gari jekundu akilini, kikombe, kanga ya Rukia juu ya boneti, akachagua jibu, wala hakumfikiria Jailos hata kidogo, na aliyekuwa akibeba matawi begani tawi moja moja hakuwa kibarua wa barabara hata kidogo, alikuwa yeye, Asukile, na alikuwa akitaka waende.