Picha Ishirini na Nne

"Aruke," ilisema sauti ya madam wa dawa kwenye spika ya simu. "Mzee akishapaka, aruke. Mtu aliyepona haendi tu. Anaruka."

Bosi alikuwa ameilaza simu katikati ya meza, juu ya rundo la karatasi, akiitikia kwa kichwa kana kwamba madam anamwona. "Ataruka, madam. Ataruka mpaka agonge dari."

"Na zile sekunde mbili za mwanzo, pale anapochechemea, ziondoeni. Zinatia huzuni. Watu wana huzuni zao majumbani kwao."

Upande wa pili wa meza, mchoraji aliyeitwa Penseli na studio nzima aliacha kuchora. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, kwa wembamba wake, na kwa sababu alikuwa haachi kalamu hata akienda msalani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Tangazo la dawa ya kuchua lilitakiwa saa saba mchana. Filamu fupi ya katuni, ile iliyokula miaka miwili ya maisha yao, ilitakiwa ifike kwa mtandao kwenye tamasha la filamu kabla ya saa kumi na mbili jioni, na mlango ukifungwa umefungwa.

Mzee wa filamu ndiye huyo huyo mzee wa tangazo. Balaa lote lilianzia hapo. Madam alikuja studio siku moja kwa mambo mengine, akaona kipande cha filamu kwenye kioo cha mashine, akapiga makofi. "Huyu babu kaniua! Namtaka." Kabla hajamaliza soda yake, Bosi alikuwa ameshamuuza. Penseli alipofungua mdomo, Bosi alimwonyesha kifungu cha saba cha mkataba: kila kinachochorwa kwenye mashine za studio ni mali ya studio.

"Hata baba yangu?" aliuliza Penseli.

"Baba yako ni wako. Mchoro ni wa studio."

Siku hiyo walicheka wote wawili. Ulikuwa utani.

Maana mzee wa filamu alitembea kama baba yake Penseli, na hakuna mtu mwingine duniani aliyetembea vile. Baba alikuwa mpakizi kwenye kiwanda cha unga kwa miaka ishirini na sita, mpaka siku magunia yalipomporomokea nyongani. Kiwanda kilimlipia bandeji na kumwandikia barua ya shukrani yenye mhuri. Tangu hapo, bega lake la kulia lilitangulia kupanda, kama linaomba ruhusa. Kisha mguu wa kushoto ulizunguka nje kidogo, kama mtu anayesukuma geti kwa unyayo, na kabla haujashuka ulisita, kama mtu aliyesikia akiitwa jina. Ndipo ulipotua: ta! Halafu ukaburuzika: shhh.

Penseli alimrekodi kwa simu, jioni mbili mfululizo, kwenye ujia wa nyumba yao wenye giza na sakafu ya saruji. Baba alivaa shati lililopigwa pasi.

"Nivae na viatu?"

"Tembea tu, Baba."

"Nikitembea tu si nitaonekana zuzu?"

Fundi wa sauti wa studio, waliyemwita Masikio, alilala kifudifudi sakafuni na kinasa sauti chake, akimwomba Mama asikoroge sufuria kwa dakika moja tu, tafadhali. Mama aliwacheka wote watatu. "Watu na akili zao wanarekodi kilema," alisema, lakini aliacha kukoroga.

Kutokana na video hiyo Penseli alichora picha ishirini na nne. Zilimchukua wiki tano. Ishirini na nne tu, hatua mbili, moja ya mguu mzima na moja ya mguu mbovu, na mashine ikizirudiarudia mzee anatembea hata kutwa. Ziliwekwa kwenye faili moja. Kila mahali kwenye filamu mzee anapotembea, iwe kwenye geti la kiwanda au kwenye foleni ya zahanati, mashine ilikwenda kuchota picha zile zile. Ukigusa pale, umegusa kote.

Baada ya miezi mitatu ya mvua, mguu ulikataa kabisa. Baba alihamia kitandani. Kila Penseli alipotoka asubuhi, Baba alimuuliza swali moja tu: "Wamenimaliza?" Na Penseli alijibu, "Bado kidogo, Baba." Leo alikuwa amejibu, "Leo. Leo jioni utajiona ukitembea."

Basi sasa alifungua faili la mzee ili amrushe.

Kila mchoraji katuni anajua kwamba kabla hujagusa faili la namna hiyo, unatoa nakala. Penseli alijua kuliko wote, yeye ndiye aliyewafundisha wenzake. Lakini hifadhi ya mtandaoni ilikuwa imepanda bei mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Bosi akaacha kuilipia, na juu ya swichi ya ukutani akabandika karatasi: KILA KITU NAKALA MOJA TU. Penseli alibofya kutoa nakala. Mashine ikamjibu kwamba nafasi haitoshi.

"Vipi?" Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Madam bado alikuwa hewani.

"Nafasi imejaa."

"Wewe chora. Nafasi tutaitafuta baadaye."

Alichora. Alijiambia atafanyia humo humo, kisha mwishoni atahifadhi kwa jina jingine kwenye flashi, na faili la asili litabaki lilivyo. Na kazi ikamnogea, hilo hakuweza kulikana baadaye. Alimnyoosha mzee bega. Alimtia springi magotini. Kwa saa mbili alimwondolea maumivu yote, na alipomwona akiruka mara ya kwanza alitabasamu peke yake kama mwehu. Na mkono wake, ambao kwa miaka mitatu ulizoea kubonyeza "hifadhi" kila baada ya mistari michache kwa hofu ya umeme, ulibonyeza. Kichwa hakikuwa na habari.

Saa saba tangazo likaenda. Bosi alilituma pia kwenye simu za wafanyakazi wote, kila mtu aliweke kwenye ukurasa wake. Saa saba na nusu umeme ukakatika, na studio ikakaa kwenye joto ikijipepea kwa vifuniko vya maboksi.

Umeme ulirudi saa tisa. Penseli alifungua filamu ili aipike, yaani aziunganishe picha na sauti ziwe kitu kimoja. Akaitazama kwanza tangu mwanzo.

Geti la kiwanda likafunguliwa. Mzee akatoka, bandeji kiunoni, barua ya shukrani mkononi, akirukaruka.

Masikio, aliyekuwa amevaa spika zake za masikioni, alipasuka kicheko. "Eh, babu kapata nini leo?" Kisha akaona uso wa Penseli, akazivua.

Mzee akarukaruka kwenye foleni ya zahanati. Akaruka mbele ya dirisha alipoambiwa arudi kesho, na kesho yake akaruka kurudi. Na chini ya miruko hiyo yote, sauti za miguu hazikubadilika: ta, shhh. Ta, shhh.

"Rudisha nyuma," alisema Masikio. "Bonyeza irudi."

"Mashine ilizimika. Hakuna pa kurudi."

"Diski ya akiba?"

Walikwenda wote wawili mlangoni kwa Bosi. Bosi aliwatazama, akaitazama diski nyeusi iliyokuwa juu ya dawati lake, na wote wakajua kabla hajasema.

"Niliifuta Jumatatu," alisema. "Video za madam hazikuwa na pa kukaa. Ile ya baba yako, uliyorekodi kwa simu, iko wapi?"

Video ile Penseli aliifuta mwenyewe, kwenye benchi la hospitali, siku karani alipomwambia fomu za Baba zinatumwa kwa simu tu na simu yake ikawa imejaa. Karani alikuwa akigonga kalamu mezani. Aliifuta kwa sababu picha ishirini na nne zilikuwepo, zimehifadhiwa kazini, mahali pa uhakika.

"Naweza kuzichora upya," alisema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Niache tu, Bosi."

Kwenye ujia wa studio, kati ya mtungi wa maji na mlango wa choo, Penseli alitembea kama baba yake huku Masikio akimrekodi. Alipandisha bega, akazungusha mguu.

"Hapana," alisema Masikio. "Huyo kakanyaga mwiba."

Akarudia.

"Huyo kalewa. Samahani, dada, lakini huyo kalewa."

"Bega linatangulia, au mguu?"

"Si wewe ndiye mtoto wake?"

Alisimama, akajishika kichwa. Miezi mitatu tu tangu Baba ahamie kitandani. Miaka yote alikuwa amemwona akivuka ujia wa nyumbani kwa mwendo ule, na sasa akifumba macho alimwona mzee wa tangazo. Mikono yake yenyewe ndiyo iliyomfuta na kuweka mwingine juu yake.

Alichora picha nane. Ukizitazama uliona mtu anayechechemea, na hakukuwa na kosa lolote la mchoro. Ila hakuwa mtu yeyote.

Saa kumi na moja na nusu Bosi alivuta kiti akakaa karibu naye, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Tuma hivyo hivyo."

"Siye yeye, Bosi."

"Waamuzi wa tamasha wanamjua baba yako?"

"Anaruka kwenye foleni ya zahanati! Filamu nzima haina maana."

"Itakuwa ya kuchekesha. Watu wanapenda vichekesho. Toa hizo sauti za miguu, weka muziki wa tangazo." Bosi alifuta jasho shingoni. Kola ya shati lake ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. "Nisikilize. Mwenye jengo amepandisha kodi tena. Madam amesema babu wake akionekana kwenye tamasha, anatupa matangazo kumi. Ukiniambia nisitume, wallahi sitatuma. Lakini Jumatatu sisi sote hatuna pa kuja. Niambie."

Masikio alikuwa akitazama sakafu. Penseli alitamani Bosi angefoka, angemtukana, angegonga meza. Angejua la kumjibu.

Aliondoa sauti za miguu mwenyewe. Aliweka muziki mwenyewe. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane alibonyeza, na kwenye kioo yakatokea maneno: *Asante. Kazi yako imepokelewa.*

Bosi alimpigapiga begani, akaenda kumpigia madam.

Ngazini, Masikio alimkimbilia. "Lete simu yako. Bosi kaniambia niifute ile sauti ya miguu ipatikane nafasi, na nimeifuta. Lakini kipande cha sekunde arobaini kimebaki kwenye simu yangu. Chukua."

Simu ya Penseli ikasema imejaa. Alipekua akaliona tangazo la dawa, ambalo tangu mchana alitakiwa aliweke kwenye ukurasa wake. Alilifuta, kisha akaipokea sauti.

Nyumbani alimkuta Baba ameketishwa, mito mgongoni, amevaa lile shati. Alikuwa amemwomba Mama alipige pasi upya.

"Imeisha?"

"Imeisha, Baba."

"Natembea?"

Penseli alisimama katikati ya chumba. Angeweza kumwonyesha. Filamu ilikuwamo kwenye flashi mfukoni, na Baba angemwona yule mzee mwenye magoti mazuri, na huenda angefurahi, angesema mwanangu umenipendelea. Jambo hilo lilimtisha kuliko yote.

"Picha zimeharibika, Baba. Niliziharibu mimi."

Baba alimgeukia. "Zote?"

"Zote."

"Ah." Alijifuta mkono kwenye shuka, polepole, kama mtu anayefuta unga. "Na huwezi kunipiga nyingine sasa." Hakuwa akiuliza.

"Kuna sauti," alisema Penseli. Aliiweka simu sakafuni kwenye ujia, nje kidogo ya mlango, mahali Baba alipokuwa akianzia, akafungua sauti mpaka mwisho.

Ta, shhh. Saruji iliipokea sauti ikaijaza nyumba. Ta, shhh. Baba alifumba macho. Bega lake la kulia likapanda kidogo ndani ya shati, kabla ya kila hatua, na Penseli akaona: bega ndilo linalotangulia.

Jikoni, mwiko uliacha kukoroga. Kitu kikaanguka, na Mama akaja mbio, mikono imelowa maji. "Nani kamnyanyua? Nani kamwacha peke yake atem—"

Alifika mlangoni. Akakitazama kitanda, kisha akainama akaitazama simu iliyokuwa ikitembea peke yake sakafuni.

"Nimefika wapi?" aliuliza Baba, macho yamefumbwa.

"Karibu na jikoni, Baba."

"Nikifika jikoni nageuka," alisema. "Siku ile niligeuka, unakumbuka? Nikarudi."

Lakini kipande kilikuwa cha sekunde arobaini, na kiliishia hapo.