Nyani Aliyemjua Kilonzo

Kilonzo alikuwa akipiga deki katika kituo cha utafiti, nje kidogo ya Mtito Andei, nyani mzee alipomuuliza kama amekunywa chai. Ilikuwa mwaka wa 1996. Kilonzo akasema bado, akaendelea kupiga deki.

Nyani huyo jike alikuwa amezeeka hadi akasahau chakula chake huwekwa wapi. Ndipo Daktari Muthama akamtia ubongoni seli changa, zile zinazozaa nyingine, alizozitoa kwenye uboho wa nyonga ya Mbinya, mamake Kilonzo. Mbinya naye alikuwa amesahau kila kitu. Hata Kilonzo, mwanawe wa pekee, Mbinya alimwita mgeni. Daktari aliahidi kwamba nyani akipona, sindano inayofuata ni ya mama. Kilonzo alimshukuru kwa mikono miwili, maskini.

Na nyani akapona, tena sana! Alichambua mahindi ya muthokoi akitupa mawe nyuma ya bega, vile Mbinya alivyozoea. Alimgombeza Kilonzo kwa shati lisilo na vifungo. "Na huyo Kavata utamwoa lini? Ama unangoja nife?" Kilonzo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa na hamu sana ya kugombezwa.

"Daktari, amepona," akasema. "Nimlete mama lini?"

"Pole pole, bwana. Kwanza lazima tuuone ubongo wenyewe."

"Mtauona vipi?"

"Tutaukata vipande vyembamba. Wewe utamshika. Kwako anatulia."

"Na nikikataa?"

"Basi mamako aendelee kusahau."

Kilonzo akamshika miguu. Nyani hakupigana. "Mwanangu, mikono yako ni baridi," akasema, na sindano ikaingia.

Vipande vilipendeza mno. Daktari alisema hata hivyo nyani mmoja hatoshi, mama angoje kidogo.

Jioni Kilonzo alimkuta Mbinya ameketi mlangoni. Mama akamwita kwa jina.

"Kilonzo."

Moyo ukamruka kwa furaha. "Naam, mwaitu, mama yangu!"

"Mbona ulinishika miguu?"

Kilonzo alipakua muthokoi akamlisha, kijiko kwa kijiko, hadi akashiba.

"Asante, mgeni," Mbinya akasema.

Asubuhi Kilonzo aliwahi kazini. Nyani wa pili alikuwa ameshaletwa, na pale kituoni hakukuwa na mwingine aliyejua kushika vizuri.